Tembo Walinikuta Nimekaa

Wazee wenzangu, shikamooni mlionizidi umri, kama mmebaki wawili watatu. Wengine wote marahaba, hata kabla hamjanisalimia. Nimeinuka kwenye hili benchi la zahanati yetu mbele ya macho yenu, na nimemwona baba mmoja pale mbele akininyooshea mkono anishike. Asante, baba, lakini urudishe mkono wako. Habari niliyokuja kuwaeleza leo ni ya mkono kama huo.

Mnisamehe, sauti yangu inatetemeka. Si baridi, ni woga. Kila nikilisimulia jambo hili moyo unanidunda kama limetokea asubuhi ya leo. Majina ya watu sitayataja, maana wako hai, na wengine wamekaa humu ndani na wanajua ni wao.

Mimi ni mtu wa hapa hapa Nyanungu. Nilizaa mabinti watupu, wote wakaolewa, mmoja yuko Kerende, mwingine Gorong'a. Mume wangu alipofariki nikabaki kwenye nyumba isiyo na mtoto wa kiume. Nikafanya kama mila yetu inavyoruhusu, nyumba ntobhu. Ninyi walimu na manesi mliotoka mikoa ya mbali mnisikilize vizuri, msije mkaenda kusimulia vibaya kwenu. Nilitoa ng'ombe nikaoa binti, akaja kuwa mkamwana wangu, kama vile ningekuwa na mwana na yeye ndiye mke wake. Watoto anaozaa ni wa nyumba ya mume wangu, na mimi ni bibi yao. Yeye ananiita mama. Mpaka leo amejaliwa katoto kamoja ka kike, na humo nyumbani tuko watatu.

Alipokuja nilikuwa bado na nguvu. Tulikuwa tunakwenda shambani pamoja, na nilikuwa nammaliza kwenye palizi, mbishi na amuulize mwenyewe. Magoti yalikuwa yanauma, ndiyo. Nani hapa magoti hayamuumi? Nilikuwa nayafunga kitambaa, ninakwenda.

Halafu ukaja msimu wa mvua nyingi. Nilikwenda mtoni na ndoo, kwenye ule mteremko wa udongo mweusi, mguu ukateleza, nikaanguka chali. Ndoo ikaondoka na maji. Nililala pale kwenye tope nasikia mto unapita karibu na kichwa changu. Nilijaribu kuinuka, mguu wa kulia ukakataa. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka, na jua likawa linapanda tu. Ndugu zangu, nilizoea kusikia watu wanasema wanaogopa kufa. Mimi siku ile niliogopa kufa nikiwa nimelala kama gunia lililodondoka kwenye mkokoteni, watu wanapita njia ya juu hawanioni.

Wanawake waliokuja kufua ndio walinikuta. Nilipelekwa hospitali, nikapigwa picha, wakasema mfupa mzima, nimeumia nyama, nitapona. Na kweli nyama ilipona, kidonda kikakauka, uvimbe ukashuka. Lakini tangu siku ile nikawa naogopa ardhi.

Nawaambia ukweli, na wewe mwenye kofia usicheke, maana nimekuona unavyoshika ukuta ukienda chooni. Nilikuwa nikisimama naona chini kunanivuta. Nikipiga hatua moja moyo unaruka. Kokoto ndogo ya kuku kuchezea ilikuwa inanitisha kama nyoka. Nikaanza kupunguza safari. Mtoni sikwenda tena. Shambani nikaacha. Sokoni nikaacha. Ikafika mahali nikawa sinywi chai jioni ili nisiende chooni, kwa sababu choo chetu kiko nyuma ya zizi na njia yake ina mawe. Mwisho nikamwambia mkamwana wangu aniletee ndoo ndani. Alileta, akaiweka pembeni ya kitanda. Mimi niligeukia ukutani, nikalia.

Sasa sikilizeni kosa letu lilipokuwa, maana halikuwa langu peke yangu. Sisi hapa tunajua, mama aliyeoa mkamwana hagusi kazi. Ng'ombe walitoka zizini kwake, sasa ni zamu yake kukaa na kuletewa. Mkamwana wangu kila asubuhi alikuwa anatoa kiti cha plastiki chenye mikono, anaweka mto, ananiinua kitandani kwa makwapa, ananikalisha chini ya upenu wa nyumba, karibu na kihenge cha mahindi. Uji naletewa hapo. Maji ya kunawa naletewa hapo. Jua likizunguka, ananizungusha na kiti. Majirani wakipita wanasema, huyu mama amepata mkamwana, tazama hata jiwe hagusi. Mimi nilikuwa nasikia raha kusifiwa, na yeye pia.

Siku moja nilijikaza, nikachukua ufagio nifagie hapo hapo nilipokaa. Jirani akapita, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kama mkamwana wangu amenishinda mpaka nafagia mwenyewe. Mtoto wa watu alilia siku hiyo. Aliuchukua ufagio mkononi mwangu akanisihi nisimtie aibu. Nikamwachia, nikakaa. Moyoni nilishukuru, maana nilipata sababu ya kutosimama.

Nilikaa hivyo msimu wa kwanza, nikakaa wa pili. Miguu ikawa myembamba kama miti ya muhogo. Nilifikiri ni uzee tu.

Basi ukafika wakati wa mavuno. Mnajua wenyewe huku kwetu mavuno yanakuja na wageni. Tembo walikuwa wametoka hifadhini usiku, wakala shamba la watu kule chini, na alfajiri wanakijiji wote wenye miguu walikuwa huko na madebe wakiwafukuza. Mkamwana wangu naye alikwenda, mtoto mgongoni, kwa sababu shamba letu linapakana na hilo. Kabla ya kuondoka alinikalisha kwenye kiti changu kama kawaida.

Tembo watatu walichelewa kurudi porini. Kulikuwa kumekucha, jua limeshatoka, kuku wanachakura. Nikasikia ule uzio wa minyaa unavunjika. Nilifikiri ni ng'ombe wa jirani, nikafungua mdomo nitukane. Ndipo nikaona masikio.

Walikuja moja kwa moja kwenye kihenge. Na kihenge, nimewaambia, kiko karibu na kiti changu. Ukinyoosha fimbo ya kuchungia unakigusa. Mkubwa wao alishika paa la nyasi akalivuta kama mtu anavyofunua sufuria, vumbi likanijaa machoni. Nilikuwa nasikia tumbo lake linanguruma. Nilikuwa nasikia harufu yake. Nikaiambia miguu inuka, ikabaki pale pale. Nikashika mikono ya kiti nikasukuma, nikapanda kidogo tu, nikarudi. Nikajaribu tena, nikarudi. Nilijikojolea, ndugu zangu. Nasema mbele yenu, mimi mama mzima niliyezaa na kuoza mabinti, nilijikojolea kwenye ule mto niliotandikiwa kwa heshima.

Mkamwana wangu aliona vumbi kutoka kule shambani. Watu walimshika kanga ya kiunoni wamzuie, akawaachia kanga akaja mbio. Alipita nyuma ya nyumba, akatokea ubavuni mwangu, mtoto bado mgongoni. Akanishika makwapani kama kila siku. Lakini kila siku huwa ananiinua taratibu na mimi ninatulia, siku ile nilikuwa natetemeka mwili mzima na uzito wote nimemwachia. Alinivuta mara ya kwanza, tukashindwa. Mara ya pili tukashindwa, na kiti nusura kipinduke.

Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Ondoka. Mchukue mtoto, ondoka."

Hakuondoka. Alinitazama, akawatazama wale tembo, akakaa chini kwenye vumbi, miguuni pangu, akamvuta mtoto kutoka mgongoni akamweka kifuani. Akasema, "Mama, kama wewe huinuki, basi na sisi tumekaa."

Mimi nimeogopa mambo mengi. Niliogopa pale mtoni. Nimewaogopa hata tembo wenyewe. Lakini hakuna woga nilioupata maishani kama wa kukiona kisogo cha kale katoto pale chini, na kujua kwamba kako pale kwa sababu bibi yake hawezi kusimama. Nilitoa ng'ombe ili nyumba ya mume wangu isizimike. Sasa nyumba yote ilikuwa imekaa vumbini kunisubiri mimi.

Mungu alikuwepo. Tembo walikula, wakamwaga, yule mdogo akavunja mtungi, halafu madebe yakasikika karibu, wakatoka kwa njia waliyoingilia. Hawakutugusa. Sisi tulibaki pale pale hata baada ya watu kufika.

Kesho yake nilimwambia mkamwana wangu atafute bodaboda. Tulipanda watatu, mimi katikati nimebanwa kama mkaa, tukaja hapa zahanati. Nesi wetu tuliyemkuta ni mtu wa kusini huko, anaongea polepole mpaka unataka kumsaidia kumalizia maneno. Alinipima presha, akanishika magoti, akayakunja, akayanyoosha, nikapiga kelele. Akaniuliza, "Bibi, mara ya mwisho umesimama mwenyewe bila mtu kukushika ni lini?"

Nikaanza kuhesabu misimu kwa vidole.

Nilitegemea sindano. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa vidonge vichungu. Yeye akaniambia dawa ya kuchua atanipa na vidonge vya maumivu atanipa, lakini magoti yangu hayakuchoka kwa kufanya kazi, sasa hivi yanadhoofika kwa kukosa kazi. Akaniagiza nisimame na kuketi kwenye kiti mara tatu asubuhi na mara tatu jioni, kiti kiegemee ukuta, mbele yangu kuwe na nguzo ya kushika. Nikizoea, niongeze. Halafu hatua, kidogo kidogo, kila siku. Akasema magoti yatauma, nisishtuke, maumivu yanayotulia ikifika asubuhi ni ya kawaida, ila goti likivimba au likiwa la moto nipumzike nirudi kwake. Nilikasirika. Nimekuja na magoti mabovu kutafuta dawa, mtoto wa juzi ananipa kazi.

Halafu akamgeukia mkamwana wangu, akamwambia jambo lililokuwa gumu kuliko langu. Alimwambia asiniinue tena. Asimame karibu, awe tayari kunidaka, lakini mikono yake aiweke nyuma.

Mnaweza kufikiri ilikuwaje. Asubuhi ya kwanza tulichimbia nguzo ya mti mbele ya kiti changu. Nikaishika kwa mikono miwili. Jasho lilinitoka kabla sijasukuma. Niliona ule mteremko, niliona lile tope, niliona yale masikio, vyote kwa pamoja. Nikamwambia mkamwana wangu anishike. Akaweka mikono nyuma, machozi yanamtoka, akasema nesi amekataa. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyarudia hapa mbele ya mchungaji na ustadhi. Akavumilia. Na yule yule jirani wa ufagio akawa anapita, akasimama, akasema mtaani kwamba mkamwana yule amebadilika, anamtesa mama wa watu huku anamwangalia. Maneno yalizunguka kijiji kizima. Mtoto wa watu alikuwa akienda kisimani wanawake wananyamaza.

Nilisimama siku hiyo mara moja. Sekunde chache, halafu nikadondokea kwenye kiti. Magoti yaliwaka moto mpaka jioni. Lakini nilikuwa nimesimama, na ardhi haikunivuta.

Sitawadanganya kwamba kesho yake nilikimbia. Kuna siku nilisimama mara tatu, kuna siku nilikataa hata kutoka kitandani. Kuna wiki ya mvua magoti yalivimba kweli, nikapumzika kama alivyoagiza, na nilipoanza tena ilikuwa kama sijawahi kuanza. Niliogopa kila siku. Nesi nilipomwambia kwamba bado naogopa, alisema niogope tu, lakini niogope huku nasimama.

Siku niliyokwenda chooni mwenyewe na fimbo yangu, nikarudi, niliichukua ile ndoo ya ndani nikaitupa nyuma ya zizi. Mkamwana wangu aliiokota, akaiosha, akawa anawanyweshea ndama. Baadaye kazi ya ndama nikaichukua mimi. Nikawa nafungua zizi, nawanywesha, nafunga. Nikawa nachambua mboga nimesimama. Na yule jirani alipopita akanikuta na ufagio, nilimwahi kabla hajafungua mdomo. Nilimwambia mkamwana wangu hajanishinda, nimeagizwa na daktari, na kama anaona wivu aje na ufagio wake tufagie wote. Tangu hapo naye anafagia. Amekaa pale, anacheka.

Kila jioni nilikuwa nahesabu hatua kutoka kiti changu kwenda nyumba ya jirani huyo huyo, kwa sababu ndiyo ya matofali na ina mlango wa bati. Sikumwambia mtu kwa nini nimeichagua hiyo. Mwanzoni nilifika kwenye uzio, nikarudi. Baadaye kwenye mti wa mpapai. Ilinichukua muda mrefu mpaka nikaugusa ule mlango. Hatua mia mbili na kumi na mbili, nazijua zote, hata ile yenye jiwe.

Mavuno haya yaliyopita, wageni wakarudi. Safari hii ilikuwa mchana, mkamwana wangu amekwenda kisimani, mimi nimebaki na katoto, kameshajua kutembea na kuigiza maneno. Nilisikia watu wanapiga mayowe upande wa chini, halafu nikasikia minyaa inavunjika. Ule woga wote ulirudi, haukusahau hata kitu kimoja. Nilikishika kiti, nikamwona mtoto ananitazama, anasubiri nimwambie la kufanya.

Nikasimama.

Kumbeba nisingeweza, nilimshika mkono. Nikaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na yeye anahesabu nyuma yangu, kakidhani ni mchezo. Kenyewe ndiko kalikuwa kananichelewesha, kanataka kuokota maua. Sikugeuka nyuma. Kama ningegeuka ningeanguka, nilijua. Nyuma nilisikia kihenge kinapasuka, nikaendelea kuhesabu. Nilipofika mia na kitu nikapoteza hesabu, nikaanza upya, mpaka mkono ukagonga bati. Jirani akafungua, akatuvuta ndani.

Mkamwana wangu aliona vumbi kutoka kisimani, akatupa ndoo, akaja mbio kama mwaka ule. Akapita nyuma ya nyumba, akatokea pale pale. Akakuta kiti kimepinduka, kimekanyagwa, mto umechanika, na mimi sipo, na mtoto hayupo. Tembo walikuwa wameshasogea kwenye migomba. Alipiga ukelele mmoja ambao sitaki kuusikia tena duniani.

Nilitokeza kichwa kwenye ule mlango wa bati, nikamwita. "Tuko huku. Njoo, sisi tumeshafika."

Alikuja, akanishika mabega, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, halafu akakaa chini. Safari hii mimi ndiye nilikuwa nimesimama.

Kwa hiyo nashukuru. Namshukuru Mungu aliyeninyima njia ya mkato. Namshukuru nesi wetu na maneno yake ya polepole. Namshukuru jirani, kwa mlango na hata kwa mdomo wake. Na mkamwana wangu, ambaye ameinamisha kichwa pale anajifanya anamtengeneza mtoto nywele, mwanangu, nakushukuru kwa kuiweka mikono yako nyuma. Kijiji kizima kilikuita mkatili ukavumilia.

Wazee wenzangu, nisiwape maneno mengi. Magoti yangu bado yanauma, mvua yanaijua kabla ya redio. Woga bado ninao, hata sasa hivi mnauona. Sikusubiri viishe. Na ninyi msisubiri. Anayekuletea kila kitu ulipokaa anakupenda, usimkasirikie, lakini mwambie akuachie kidogo cha kufanya, kila siku, hata ndama mmoja wa kunywesha. Hamjui ni siku gani mtatakiwa kusimama, wala ni mkono wa nani mtakuwa mmeushika.

Sasa nimechoka, nakwenda kukaa. Baba, nimekuona, umenyoosha tena mkono. Uweke nyuma. Kisha na wewe inuka, tuhesabu pamoja. Moja.